Mtambo wa Kutoa Mafuta Kwenye Maji Usimamishwe Hadi Nizikwe

Mwl. Benedicto Kisyeri (mstaafu),
Nyarero, Tarime.
10 Septemba 2014

Mhandisi Vivian Oduol,
Msimamizi wa Mtambo wa Maji,
Kituo cha Kuchenjua Dhahabu,
Nyarero.

Ndugu Mhandisi,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia kwa sababu najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia, na daktari amenishauri nisiweke kiporo jambo lolote. Anasema moyo wangu umepanuka. Alinionyesha kwenye picha, nikaona kitu kikubwa kama papai. Amenipa wiki chache na kunikataza kubeba vitu vizito. Ndiyo maana barua hii naiandika kwa penseli, kwani kalamu ya wino siku hizi naiona ina uzito usio wa lazima.

Naandika kulalamika rasmi kuhusu mtambo wako. Najua kwamba Jumamosi hii ritongo, yaani baraza letu la wazee na wananchi, litakaa kuamua kama ufungwe. Najua pia kwamba ukifungwa wewe utaondolewa hapa, na kampuni itarudi kuvuta maji ya kijito chetu kama ilivyokuwa ikifanya kabla hujaja. Hofu yangu ni moja tu. Baraza lile limejaa watu wasiojua kemia, na linaweza kuufunga mtambo kwa sababu zisizo sahihi. Mimi nataka ufungwe kwa sababu sahihi, na nimezipanga kwa namba kama nilivyokuwa nikiwafundisha.

1. Mchwa.

Kabla ya mtambo, maji yaliyooshea malori na mashine za gereji yenu yalikuwa yanashuka mferejini hadi kijitoni yakiwa meusi, na juu yake yana rangi zote za upinde wa mvua. Tulikuwa tunachota kwa ndoo na kupaka nguzo za mazizi. Mchwa alikuwa akisikia harufu tu anageuza. Leo mfereji ni mkavu. Mafuta yanayoelea mnayaengua, yale yaliyojificha ndani ya maji mnayachuja, yote mnayatia kwenye mapipa na kuyasafirisha, na maji yenyewe mnayarudisha kazini upya. Hakuna aliyetuuliza. Mafuta yale yalikuwa yameshakuwa wenyeji.

Mchwa wa Nyarero wamepata habari. Wamekula nguzo tatu za zizi langu, na sasa wameanza kiti ninachokalia. Ukiona mistari yangu imeinama upande wa kushoto, usifikiri ni ugonjwa. Ni mguu wa kiti.

Aidha, kuna ndama waliozaliwa mwaka huu ambao hawajawahi kuona kijito chenye rangi. Tunalea kizazi cha mifugo kisichojua kwamba hapa pana mgodi.

2. Vumbi.

Kwa kuwa sasa mna maji ya kutosha kuyatumia mara ya pili na ya tatu, mnamwagia barabara asubuhi na jioni. Matokeo yake hakuna vumbi. Sijui kama wataalamu wenu walifikiria faida za vumbi. Zamani mgeni akitoka upande wa Nkende nilikuwa naliona vumbi lake angali mbali. Nilipata muda wa kuvaa shati, kuweka meno na kuamua kama nipo nyumbani. Sasa wageni wananitokea mlangoni nikiwa na fulana. Wiki jana mwenyekiti wa parokia alinikuta nikijikuna.

Malori nayo yanaoshwa kila siku. Olima, yule dereva wenu, tulikuwa tukilitambua lori lake kwa tope lake, ambalo lilikuwa na umbo la kipekee. Siku hizi anapita nalo linang'aa kama gari la bwana harusi. Mara mbili kina mama wamelipigia vigelegele kwa makosa, naye akawapungia mkono.

3. Pumzi.

Nielewe vizuri. Sisemi mtambo una kelele. Una mngurumo wa heshima, na mimi nimejitahidi kuuelewa. Maji machafu yanasukumwa kwa nguvu ndani ya mirija ya kauri ambayo kuta zake zina vitundu visivyoonekana kwa jicho. Maji yanapenya ukutani na kutoka nje. Mafuta, hata yawe matone madogo namna gani, hayapiti, yanabaki yakizunguka ndani. Baada ya dakika kadhaa vitundu vinaanza kuziba, mtambo unasimama, unasukuma maji kinyumenyume kuvizibua, kisha unaendelea.

Haya yote ni halali kisayansi. Lakini kitanda changu kiko mita mia nne kutoka hapo, na bila kupenda nimejikuta napumua pamoja nao. Ukisimama, nami nasimama. Ghati, mke wa mwanangu, ambaye ndiye anayenitunza, mara mbili amesikia kimya chumbani akaita majirani. Mara ya pili Mzee Waisiko alifika na koti la msiba tayari limepigwa pasi. Waisiko ndiye mwenyekiti wa ritongo, na mimi naye tulitahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo haniogopi. Aliponikuta nakunywa uji alisikitika waziwazi. "Benedicto," akasema, "wewe hata kufa unangoja upigiwe kengele." Nikamwambia akae. Akasema hakai, maana alishaaga nyumbani kwake kwamba amekuja kulala matanga, na sasa atarudi na maelezo gani.

4. Shukrani.

Hili ni lalamiko zito, nakuomba ulisome umekaa.

Siku ya kuzindua mtambo, mbele ya viongozi na wananchi, ulisimama na kofia yako ya njano, ukanitafuta kwa macho, ukasema, "Shikamoo Mwalimu. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kemia." Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo sina amani. Nikienda kanisani naulizwa, "Mwalimu, mtambo wako unaendeleaje?" Muuza duka amenipa sabuni ya bure kwa heshima ya kuwa babu wa maji. Kuna mtu alikuja kutoka Machochwe, mbali kote huko, kuniomba nimfundishe mwanawe.

Wewe na mimi tunajua kilichotokea mwaka 1991. Kwa kuwa sasa nakaribia mahali ambapo mambo haya husomwa kwa sauti, naona afadhali nianze kuyasoma mwenyewe.

Ulikuwa kidato cha tatu, msichana mwembamba kutoka Shirati ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja shuleni kwetu. Swali la tano la mtihani wangu liliuliza: mafuta yaliyochanganyika na maji na sabuni mpaka yakawa meupe kama maziwa, utayatenganishaje? Jibu nililolitaka lilikuwa kuchemsha na kukusanya mvuke, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo kwenye daftari langu tangu chuoni. Wewe ukaandika kwamba ungechukua ngozi nyembamba, kwa mfano kibofu cha ng'ombe, yenye vitundu vidogo mno hata tone la mafuta lisiweze kupita, kisha ungesukuma maji yapite yenyewe. Ukachora na mchoro. Ulikuwa mchoro mzuri, wenye mishale.

Nikakupa sifuri. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Hii ni kemia, si bucha." Ningeishia hapo lingekuwa kosa la kawaida la mwalimu. Lakini nilijiona nimesema jambo la kuchekesha sana, nikalisoma mbele ya darasa. Darasa likacheka hadi darasa la jirani wakaja dirishani kuulizia. Tangu siku hiyo mpaka ulipomaliza kidato cha nne uliitwa Bucha. Nilisikia wakikuita hivyo kwenye foleni ya ugali. Nilisikia kiranja akikuita hivyo kwenye mstari wa asubuhi, mimi nikiwa mwalimu wa zamu. Sikusema neno, kwa kuwa kila jina lile lilipotajwa nilisikia nasifiwa.

Na wewe, baada ya miaka yote hiyo, badala ya kukaa huko mijini ulikosomea, umekuja kulijenga jibu lako kwa chuma na kauri, urefu wa mita kumi na mbili, mita mia nne kutoka kitandani kwangu, na ukanishukuru. Naomba unieleze mtu anajitetea vipi na jambo kama hilo.

5. Ng'ombe.

Ng'ombe wangu mwekundu amedhalilishwa, na chanzo chake ni mtambo.

Unakumbuka ritongo lilivyokutaka uthibitishe maji yako. Uliwaeleza kwa upole, "Wazee wangu, maji haya ni ya kuoshea malori, kumwagia barabara na kusagia mawe. Si ya kunywa." Waisiko akasimama, akauliza, "Kama ng'ombe hayataki, lori litayatakaje?" Uwanja mzima ukaguna kwa kukubali. Kwetu sisi maji ambayo ng'ombe hajayapima bado ni maneno tu, hata yakija na cheti cha maabara chenye mihuri mitatu.

Hapo ndipo mtu aliyesoma kemia alipaswa kusimama. Nilisimama. Nikainua mkongojo na kusema kwamba kwa faida ya sayansi, ng'ombe wangu atatumika. Walinishangilia. Wewe pia ulipiga makofi, na ulionekana kufurahi kwamba mwalimu wako yuko upande wako.

Asubuhi ya siku ya kipimo, kabla watu hawajatoka, nilimtoa zizini nikamlambisha chumvi, nikamkokota hadi kijitoni. Akanywa. Nikampa chumvi tena, akanywa tena. Alikunywa mpaka akawa anayaangalia maji kwa huruma. Safari ile ya kwenda na kurudi ndiyo iliyoniangusha kitandani, maana moyo wa papai haukutengenezwa kwa ajili ya kukokota ng'ombe aliyejaa. Saa nne tulipomfikisha kwenye beseni lako, alinusa, akaniangalia mimi, akawaangalia watu, akajiendea zake kivulini. Hakuyakataa maji yako. Hakuwa na mahali pa kuyaweka.

Karani wa baraza akaandika: ng'ombe amekataa. Na kwa neno hilo moja mtambo wako unafungwa Jumamosi.

Tangu hapo ng'ombe yule anaitwa Shahidi. Watu wakipita wanamsalimia kabla yangu. Ameacha kutoka njiani kwa ajili ya pikipiki. Usingeleta mtambo, nisingemnywesha, na leo angekuwa ng'ombe mwenye adabu zake.

6. Chupa mbili.

Ijumaa iliyopita ulikuja hapa nyumbani. Ulivua viatu mlangoni, ukakaa chini mkekani kama mwanafunzi, wakati kiti kilikuwepo, ingawa kwa upande wa mchwa labda ulifanya vizuri. Ulinishikia chupa mbili kwenye mwanga wa dirisha. Ukasema, "Mwalimu, wewe ndiye wanayemsikiliza. Sikuombi unitetee. Angalia tu, halafu Jumamosi uwaambie unachoona."

Nikakwambia macho yangu hayaoni tena.

Ndugu Mhandisi, niliona. Chupa ya kwanza ilikuwa kama maziwa yaliyoangukiwa na masizi. Ya pili niliona kupitia ndani yake kitasa cha mlango, na msumari uliopo juu ya kitasa, na wewe nyuma yake ukingoja.

Ulisema, "Sawa Mwalimu, pumzika." Lalamiko langu hapa ni kwamba hukukasirika. Mtu akidanganywa anatakiwa akasirike, ili aliyemdanganya apate pa kushikia. Wewe uliinuka ukamwambia Ghati anihimize nile mboga.

Baada ya malalamiko hayo sita, sasa naomba yafuatayo, na utaona kwamba hoja zake zimefungamana.

Mtambo ukifungwa kwa kuonekana haufai, basi jibu lako la mwaka 1991 lilikuwa kosa. Likiwa kosa, sifuri yangu ilikuwa sahihi. Ikiwa sahihi, basi mimi sina la kuungama. Nikiwa sina la kuungama, padri hatakuwa na haja ya kuja kwa pikipiki kutoka mjini, na petroli itaokolewa. Kwa hiyo kufunga mtambo wa kusafisha mazingira ni kuyalinda mazingira. Nimeikagua hoja hii mara tatu sijaona ufa.

Mtambo usipofungwa, kinyume chake ni balaa. Kama ile sifuri haikuwa sahihi, nani atanihakikishia nyingine? Nimefundisha miaka thelathini na moja. Nimeshaanza kuzikumbuka usingizini. Yuko Okello, ambaye mwaka 1978 aliandika kwenye insha kwamba chini ya kiwanja chetu cha mpira kuna dhahabu. Nilimpa sifuri na viboko vinne kwa kuota mchana. Leo kiwanja kile ni mashimo arobaini na goli moja, na goli lenyewe wamelifunga kamba ya kushukia. Yuko Elieth, aliyebisha kwamba popo si ndege. Yuko mwingine aliyesema mimi mwenyewe sijaelewa swali. Nikifungua mlango huu watakuja wote, na Ghati hana vikombe vya kutosha.

Hata hivyo mimi si mtu mkaidi. Sidai mtambo ufungwe milele. Naomba usimamishwe kwa wiki tatu tu, au nne nikichelewa, mpaka nizikwe. Nizikwe nikiwa mtu aliyekuwa sahihi. Kaburi likishafunikwa na watu wakielekea kwenye chakula, mnaweza kuuwasha. Siku ile ile kabisa, sina kinyongo. Mkipenda mnaweza kunitaja kwenye hotuba ya kuuwasha upya, ilimradi msiseme nilifundisha nini.

Nawasalimu wote walio chini yako. Msalimie Olima, umwambie apunguze kupunga mkono. Wasalimie mafundi wanaoosha mirija kwa soda kali, na askari wa getini aliyetaka kuninyima kupita siku ya uzinduzi kwa kudhani nauza karanga. Msalimie mama yako Shirati, ambaye siku ya mahafali alinishika mkono kwa mikono miwili na kuniambia asante kwa kumlea binti yangu, nami nikasema haidhuru.

Ni mimi niliyekufundisha, kwa kadiri nilivyojua na pungufu yake,

Mwl. Benedicto Kisyeri

Nyongeza:

Nilimpa Ghati barua hii aisome kwa sauti akiwa nje ya mlango, nisikie kama nimeacha koma. Kwa heshima zetu, mke wa mwana haketi na baba mkwe na hamuulizi maswali. Katika miaka kumi na tisa ameniuliza kama uji umekolea sukari, basi. Alisoma yote bila kusita, hata pale penye bucha, hata penye ng'ombe. Alipomaliza alizipanga kurasa. Kisha akauliza, "Baba, kampuni ikirudi kuvuta kijito, mimi nitachota wapi?"

Nikatafuta namba ya saba, sikuiona. Miaka ile ya pampu yao, kila kiangazi Ghati alikuwa akiondoka asubuhi mimi nikiwa sijaamka, na kurudi jua likiwa utosini, ndoo moja kichwani. Nilikuwa nanawa kwa maji hayo, nywele zangu nachana, nakaa kizingitini kulaumu mafuta yanayoelea kijitoni. Nimeandika kurasa sita kuhusu maji na yeye hayumo.

Futa malalamiko yote. Mtambo usisimame hata saa moja. Swali la tano, alama zote, na mchoro alama ya nyongeza. Jumamosi nitawaambia ritongo habari za chumvi na habari za bucha kwa kinywa changu mwenyewe, na nitawaambia nilichokiona kwenye chupa. Waisiko atanicheka mpaka nife, na kwa bahati nzuri huo si muda mrefu. Miguu yangu haifiki huko, hivyo naomba gari lije saa tatu asubuhi, lipite njia ya juu, lisikanyage kijito.

Nimeshamjibu Ghati kupitia mlangoni. Nimemwambia atachota palepale. Gari lisichelewe.